Wiki Kumi Maabarani: Utafiti wa Majira ya Joto na Safari ya Vijana Wetu Kuelekea Uzamivu wa Uhandisi

Kila mwaka ifikapo Januari, wakati maombi ya programu za utafiti za majira ya joto yanapokaribia kufungwa, huwa naulizwa swali moja na wazazi wa hapa Clarkston, mji mdogo ulio mashariki mwa Atlanta ambao umepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Wanauliza kwa nini kijana wao anayesomea uhandisi aache kazi ya ghala, au ya kiwanda cha kuku kule Gainesville, aende kukaa wiki kumi katika chuo kikuu ambacho si chake, kwa posho isiyofikia mshahara huo. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, lakini bila kuzunguka: "Mwalimu, na kodi ya nyumba italipwa na huo utafiti?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumwambia mzazi kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwani aliyevuka mipaka akiwa amefunga vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki hahitaji kufundishwa thamani ya elimu. Anachohitaji ni kuelezwa jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, fedha zake zinatoka wapi, na kijana akizimaliza anakuwa amepata nini ambacho asingekipata darasani.

Mimi mwenyewe sikuzipitia. Nilikuja Marekani kutoka Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi nikiwa tayari na shahada ya kwanza, na programu nyingi zinazofadhiliwa na serikali huwapokea raia na wakaazi wa kudumu peke yao. Nilizijua kwa upande wa wenyeji: nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu, kila majira ya joto msimamizi wangu alinikabidhi kijana wa shahada ya kwanza aliyetoka chuo kingine, nimwongoze katika maabara yetu mpaka siku ya kuondoka kwake. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, Walatino, au watoto wa wahamiaji kama sisi, na wengi walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu.

Mfadhili mkubwa wa programu hizi ni Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, ambao tangu mwaka 1987 umekuwa ukivipa vyuo vikuu ruzuku za kuwapokea wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti, kwa kawaida vikundi vya watu kama 10 kwa wiki 8 hadi 10. Masharti yake yanataka sehemu kubwa ya washiriki itoke nje ya chuo mwenyeji, hasa katika vyuo visivyo na maabara za kutosha, vikiwemo vyuo vya miaka miwili. Hapo ndipo vijana wa Clarkston wanapoingia moja kwa moja, kwa kuwa wengi wao huanzia katika kampasi ya Chuo cha Perimeter, ambacho ni tawi la Georgia State University, iliyo hapa hapa mjini kwetu. NSF haikuwa peke yake wala ya kwanza. MIT, chuo kikuu mashuhuri cha teknolojia kilichoko Massachusetts, ilianzisha programu yake ya majira ya joto mwaka 1986, na mwaka huo huo vyuo vikuu vikubwa vya Magharibi ya Kati vikaanzisha ya kwao kwa pamoja. Nyuma zaidi, mwaka 1976, ulizaliwa muungano wa GEM, ambao unawaunganisha vyuo vikuu na makampuni katika kuwalipia wanafunzi wa jamii zilizo wachache shahada za uzamili na uzamivu wa uhandisi.

Ninayoijua kwa karibu kuliko zote, kwa kuwa ni ya hapa Atlanta, ni programu ya majira ya joto iitwayo SURE, ya chuo kikuu cha teknolojia cha Georgia Tech. Ilianzishwa mwaka 1992 na Gary May, mtoto wa St. Louis aliyesoma shahada ya kwanza hapo hapo Georgia Tech, akapata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley mwaka 1991, kisha akarudi Atlanta kufundisha uhandisi wa umeme. Yaani alikuwa profesa mchanga kabisa, katika kipindi ambacho wenzake wa ngazi hiyo hushauriwa wasijishughulishe na jambo lolote nje ya machapisho yao, alipoanza kuwakusanya wanafunzi weusi na Walatino kutoka vyuo mbalimbali ili wakae wiki 10 katika maabara za uhandisi. Baadaye alikuja kuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi, na mwaka 2017 akaenda kukiongoza Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis. Kwa chuo kama Georgia Tech jambo hili halikuwa dogo. Wanafunzi wake watatu wa kwanza weusi, Ford Greene, Ralph Long na Lawrence Williams, waliingia mwaka 1961, na mweusi wa kwanza kuhitimu, Ronald Yancey, alipata shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1965. Maprofesa waliokuwa wakimfundisha May katika miaka ya 1980 wengi wao walikuwa watu wazima wakati Yancey anahitimu.

Msomaji anaweza kuuliza, kama mhandisi mwenye shahada ya kwanza anapata kazi nzuri Marekani, kwa nini kuhangaika na uzamivu? Ni kweli kwamba uhandisi hautofautiani na taaluma nyingine katika heshima tu, bali pia katika hili: kampuni humchukua mhitimu wa miaka minne na kumlipa vizuri tangu siku ya kwanza, na kijana ambaye nyumbani wanamsubiri aanze kuchangia hawezi kulaumiwa akichukua mshahara huo. Lakini wale wanaoamua nini kitafitiwe, wanaosimamia maabara za taifa, wanaofundisha wahandisi wa kesho na kuandika barua zinazowaingiza wengine, takribani wote wana uzamivu. Wamarekani weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa nchi hii, ilhali miongoni mwa maprofesa wa uhandisi hawafikii asilimia 5. Pengo hilo halizibwi na mishahara mizuri ya wahitimu wa shahada ya kwanza, hata wakiwa wengi namna gani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa programu hizi. Watu hudhani kinachofundishwa maabarani ni sayansi, na kweli sayansi ipo, ila kwa wiki 10 mtu hajifunzi sayansi nyingi. Kinachopatikana ni taarifa ambazo katika familia za wasomi huzungumzwa mezani, na katika familia zetu hazijawahi kutajwa. Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni kwamba uzamivu wa uhandisi Marekani, kwa kawaida, haulipiwi na mwanafunzi. Chuo kinamsamehe ada na kumpa posho ya kila mwezi, kwa sababu ama anafanya utafiti uliofadhiliwa au anasaidia kufundisha. Nimeshuhudia vijana wenye alama za juu kabisa ambao walikuwa wamekwisha kulifuta wazo la uzamivu kwa kuamini kwamba ni miaka mingine mitano au sita ya mikopo, juu ya mikopo waliyo nayo. Hakuna aliyewadanganya, hapakuwa na mtu wa kuwaambia tu. Zipo pia tuzo ambazo mwanafunzi huziomba mwenyewe, kama ile ya NSF iliyoanza mwaka 1952, inayompa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu posho kwa miaka mitatu, na ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa dola 37,000 kwa mwaka. Kijana akishinda tuzo hiyo, ni yeye anayewachagua maprofesa, si maprofesa wanaomchagua yeye. Siku niliyomweleza hilo mwanafunzi mmoja aliyekuwa chini yangu, alitoka nje kumpigia baba yake simu kabla hatujamaliza kula.

Taarifa ya pili inahusu barua za mapendekezo. Kamati inayochagua wanafunzi wa uzamivu haimtafuti mwenye alama za juu peke yake, kwa kuwa waombaji wenye alama za juu ni wengi mno. Inatafuta barua ya mtafiti anayesema kwamba alimwona mwombaji huyu akikwama kwenye tatizo lisilo na jibu, na akaeleza alivyojikwamua. Mwalimu aliyemfundisha darasani pamoja na wanafunzi wengine 150 hawezi kuandika barua ya namna hiyo hata akimpenda vipi. Ataandika kwamba alipata A na alihudhuria vipindi, na wasomaji wa kamati watajua kwamba hamfahamu. Wiki kumi maabarani zinatosha kuzaa barua ya kweli. Kwa sababu hiyo huwaambia vijana kwamba hata utafiti wenyewe usipofika popote, mradi wamejulikana na mtu mmoja mwenye jina katika fani yao, majira yale ya joto hayakupotea.

Kazi yenyewe ikoje? Wiki ya kwanza huishia kwenye mafunzo ya usalama, funguo, na kusoma makala ambazo mwanafunzi haelewi nusu yake, na asione aibu, maana hata sisi hatuzielewi kwa kuzisoma mara moja. Maabara yetu ilishughulika na seli za sola za kizazi kipya, ambazo hutengenezwa kwa kudondosha kimiminika juu ya kipande cha kioo kinachozungushwa kwa kasi kubwa hadi kibakie kitando chembamba kuliko unywele. Binti mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Kivu na kupitia kambi moja nchini Uganda, alipewa kazi ya kutengeneza vitando hivyo na kupima umeme unaovuja. Sampuli zake za asubuhi zilikuwa safi na za alasiri zilikuwa na vitobo. Mimi nilimwambia arudie, nikidhani mkono wake unachoka. Yeye akaanza kuandika unyevu wa hewa kwenye daftari kila alipotengeneza sampuli, bila kuagizwa na mtu, na baada ya muda akatuonyesha kwamba vitobo vilifuata mvua za radi ambazo katika Julai hupiga Atlanta karibu kila alasiri, kwani mashine ile ya kuzungusha kioo haikuwa ndani ya sanduku la naitrojeni lisiloingiza unyevu kama nyingine. Haikuwa habari ya kutangazwa kwa ulimwengu, kwa kuwa unyevu ni adui anayejulikana wa vitando hivyo, lakini kwa maabara yetu ilikuwa jibu la usumbufu wa miezi mingi, na tukaihamisha mashine. Mwishoni alisimama mbele ya bango lake katika ukumbi wa maonyesho, amevaa kitenge chini ya koti la suti, akimweleza profesa asiyemjua kwa nini grafu yake inapanda na kushuka. Swali lililomsumbua zaidi, aliniambia baadaye, halikuwa la kisayansi. Ni pale profesa huyo alipomuuliza anapanga kusomea uzamivu wapi, kana kwamba lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Si kila maabara inafanya hivyo. Wako maprofesa wanaompokea mwanafunzi kwa ajili ya kuipamba ripoti ya ruzuku, kisha wakasafiri majira yote ya joto na kumwacha anaosha vyombo vya vioo na kunakili namba kwenye jedwali. Nilimfahamu kijana aliyemaliza programu ya aina hiyo katika chuo kimoja mashuhuri bila kukutana na msimamizi wake zaidi ya salamu, akarudi nyumbani akiamini kwamba utafiti ni kazi ya utumishi wa ndani yenye jina kubwa. Kwa hiyo nawashauri vijana wasichague kwa jina la chuo. Waandikie walioshiriki mwaka uliotangulia na kuwauliza mambo mawili: nani alikuwa akikuelekeza kila siku, na ulionana na profesa mara ngapi kwa wiki. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye subira ana faida kuliko mshindi wa tuzo asiyeonekana. Na kama mtu akagundua maabarani kwamba hapendi kabisa maisha yale, mimi sihesabu kwamba programu imeshindwa. Ni afadhali alijue hilo kwa wiki 10 zenye malipo kuliko kwa miaka mitatu ya uzamivu unaoachwa njiani.

Je, kuna ushahidi kwamba programu hizi zinafanya kazi? Katika wasifu wa May hurudiwa mara nyingi kwamba zaidi ya asilimia 73 ya walioshiriki SURE waliendelea na masomo ya juu. Ni takwimu ya kutia moyo, lakini mhandisi anapaswa kuiuliza swali moja: je, hao si wale ambao wangeendelea hata bila SURE, ikiwa walichaguliwa kwa alama nzuri na hamu kubwa? Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwa programu ya Meyerhoff ya Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, iliyoanzishwa mwaka 1988 kwa fedha za Robert na Jane Meyerhoff na uongozi wa Freeman Hrabowski. Hiyo ni ya miaka yote minne, na utafiti wa majira ya joto ni sehemu yake tu, hivyo hailingani moja kwa moja na SURE. Ila watafiti wake waliwalinganisha wanafunzi waliojiunga na wale waliopewa nafasi hiyo hiyo wakaikataa na kwenda vyuo vingine, na wakakuta kwamba waliojiunga walikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kufikia uzamivu wa sayansi na uhandisi. Makundi yote mawili yalikuwa na alama na hamu. Kilichotofautiana ni mazingira.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, kwa sababu hali inabadilika. Programu nyingi zilianza kwa kutaja rangi waziwazi, na moja baada ya nyingine zikalazimika kuacha. Meyerhoff ilifungua milango kwa watu wa rangi zote mwaka 1996, MIT ikafanya hivyo kwa programu zake mbili za majira ya joto mwaka 2003, na Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataza vyuo kuzingatia rangi katika udahili. Mwaka 2025 serikali ya Trump ikazidisha mkazo, na NSF ikasitisha mamia ya ruzuku, zikiwemo za baadhi ya programu za utafiti wa wanafunzi. Siku hizi matangazo mengi yanazungumzia wanafunzi wa kwanza kusoma chuo katika familia, wenye kipato cha chini, na wanaotoka vyuo visivyo na utafiti. Sidhani kwamba maneno hayo yanaziba nafasi ya yale ya zamani, kwa sababu mtoto wa daktari mweusi wa Atlanta naye bado huingia maabara na kukuta hakuna anayefanana naye. Kwa vijana wetu, hata hivyo, vigezo hivyo vinawahusu kikamilifu, na wasijinyime kwa kudhani kwamba milango imefungwa.

Nirudi kwa kodi ya nyumba. Miongozo ya NSF ya miaka ya karibuni imeweka posho kati ya dola 600 na 700 kwa wiki, yaani 6,000 hadi 7,000 kwa wiki 10, na juu ya hapo programu nyingi hulipia malazi na nauli. Tuseme ghala linalipa dola 18 kwa saa: kwa saa 40 kwa wiki, wiki 10 zinaleta 7,200 kabla ya kodi ya mapato. Tofauti ni ndogo kuliko wazazi wanavyodhani, lakini kuna mambo mawili ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa. Posho mara nyingi hailipwi mpaka wiki chache zipite, hivyo kijana anahitaji akiba ya chakula ya kuanzia. Pia haikatwi kodi ya mapato papo hapo, ingawa inadaiwa, na asiyeweka kando sehemu yake atashtuka Aprili inayofuata. Familia inayotegemea mshahara wa kijana kila Ijumaa haiwezi kupuuza mambo haya, na mimi huwaomba wazazi tukae na kalamu tuyahesabu pamoja kabla ya kukubali au kukataa.

Kisha karatasi. Kwa programu za fedha za serikali, hadhi ya ukimbizi peke yake kwa kawaida haitoshi. Inatakiwa kadi ya ukaazi wa kudumu au uraia. Sheria inamtaka mkimbizi aombe ukaazi baada ya mwaka mmoja nchini, na familia ambazo zimeahirisha kwa sababu ya shughuli nyingi zinaweza kumkosesha mtoto nafasi bila kujua. Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Februari, na barua mbili za walimu zinahitaji kuombwa kabla ya likizo ya Krismasi, wakati walimu bado wanakumbuka nyuso za wanafunzi wa muhula huo. Kwa kijana ambaye kadi yake haijatoka, au anayesoma kwa viza kama nilivyosoma mimi, bado kuna maprofesa wenye fedha zao wenyewe zisizofungwa na masharti ya uraia, hasa katika chuo anachosoma. Hao hawatangazi nafasi. Huandikiwa barua pepe fupi ya aya mbili, inayotaja makala yao moja ambayo mwanafunzi ameisoma kweli na swali moja lililomjia alipoisoma, na ni vizuri ifike Novemba, kabla hawajagawa fedha za majira ya joto.